Figo zetu na Korona: mambo ambayo kila nyumba ya mkulima inapashwa kujua

Ndugu wanamemba wa kooperative, katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mnyauko wa migomba, bei ya kahawa na namna ya kuhifadhi maharagi. Mara hii tunaongea juu ya figo. Tunapopita Kabare, Walungu, Kalehe na katika bonde la Ruzizi kutembelea mashamba, watu wanatuuliza maswali ambayo si ya shamba. Kuna mzee aliyepona Korona na sasa miguu inavimba kila jioni. Kuna mama ambaye bwana yake alikufa hospitalini, na kwenye karatasi waliandika kwamba figo zilisimama. Mpaka leo mama huyo anauliza: "Si alikuwa anagonjwa mapafu? Sasa figo ziliingia namna gani?"

Ni swali la haki, na linastahili jibu. Sisi ni waagronomu, si madaktari. Lakini mambo mengi yanayoharibu figo, ao yanayoziokoa, yanatokea nyumbani kabla mgonjwa hajafika hospitali: maji anayokunywa, vidonge anavyonunua, miti anayochemsha, chakula anacholetewa. Mambo haya yako mikononi mwetu.

Kazi ya figo

Figo ni mbili. Ziko nyuma, chini ya mbavu, na kila moja ni kubwa kama ngumi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Katika damu yote ambayo moyo unasukuma, karibu sehemu moja kwa tano inapita kwenye figo.

Kwa siku moja figo zinachuja karibu lita 180. Hesabu mwenyewe: ni bidoni tisa za lita 20. Karibu maji hayo yote yanarudishwa katika mwili. Yale yanayobaki, lita moja mpaka mbili, yanatoka kama mkojo pamoja na uchafu wa mwili. Tena figo zinapima chumvi, zinapima potasi, zinasaidia kushika tansio ya damu mahali pake, na zinasaidia mwili kutengeneza damu mpya.

Shida ya figo ni kwamba haziumi. Jino likioza, unalia usiku. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yao na mtu anaendelea kulima, anaenda soko, anacheka na watoto. Katika uchunguzi uliofanywa Kinshasa na kutangazwa mwaka wa 2009, watafiti walipima watu wazima wapatao 500, na karibu mtu mmoja kwa wanane alikuwa na ugonjwa wa figo wa siku nyingi. Wengi wao hawakujua.

Namna Korona inafika kwenye figo

Watu wengi walioshikwa na Korona walipata homa, kikohozi, uchovu, kisha wakapona. Figo zao hazikupata shida kubwa. Hapa tunaongea juu ya wale waliogonjwa sana, wale waliohitaji oksijeni.

Mwaka wa 2020, madaktari wa hospitali 13 za eneo la New York, Marekani, waliangalia wagonjwa 5,449 wa Korona waliolazwa. Zaidi ya mgonjwa mmoja kwa watatu, ni kusema asilimia 36.6, figo zake ziliumia palepale katika ugonjwa. Kati ya wale waliowekwa kwenye mashine ya kupumua, karibu tisa kwa kumi figo ziliumia. Kwa wale ambao hawakuhitaji mashine hiyo, ilikuwa karibu mmoja kwa watano. Maana yake ni wazi: mapafu yakizidi kuharibika, na figo zinafuata.

Sababu ni nyingi, na mara nyingi zinakuja pamoja.

Ya kwanza ni maji. Mgonjwa ana homa, anatoka jasho, pengine anaharisha na kutapika, na hana hamu ya kunywa. Wale wanaolima mpunga Sange, Luberizi ao Kiliba wanajua: maji yakipungua kwenye mlango wa mfereji, shamba linalokauka kwanza ni lile la mwisho wa mfereji. Mwili ukikosa maji, unalinda kwanza ubongo na moyo. Figo zinapunguziwa damu.

Ya pili ni tansio kushuka. Mwili unapopigana na ugonjwa mkali, mishipa ya damu inalegea na tansio inaanguka. Maji ya mfereji yanaweza kuwapo, lakini hayana nguvu ya kusukuma mpaka mwisho.

Ya tatu ni damu kuganda. Korona kali inafanya damu igande vipande vidogo vidogo ndani ya mishipa myembamba. Vichujio vya figo vimejaa mishipa kama hiyo. Ni kama majani na matope yanapoziba bomba la kumwagilia.

Ya ine ni kukosa oksijeni. Figo zinafanya kazi kubwa usiku na mchana, na kazi hiyo inahitaji oksijeni. Mapafu yakishindwa kuileta, figo zinaumia.

Ya tano ni virusi vyenyewe. Watafiti walivikuta ndani ya figo za baadhi ya watu waliokufa na Korona. Lakini kwa wagonjwa wengi, hasara kubwa inatoka kwenye zile sababu ine za mbele.

Na ya sita ni dawa. Hii tutaiongelea kwa urefu, kwa sababu ndiyo inatuhusu zaidi hapa kwetu.

Walio katika hatari zaidi ni wazee, watu wenye tansio ya juu, wenye ugonjwa wa sukari, na wale ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kuchoka hata kabla ya Korona.

Kumbukeni mwaka wa 2020

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi, Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura. Mpaka na Rwanda ulifungwa, na wanamemba wengi waliokuwa wanavusha mazao pale Ruzizi walibaki na mboga na matunda yakioza. Hilo hamjalisahau.

Katika jimbo letu, Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alikubali kuongoza kazi ya afya dhidi ya Korona. Mwezi wa Juni 2020 alijiuzulu, akieleza kwamba vipimo vinachelewa na kazi haipangwi vizuri. Sampuli za wagonjwa wa Bukavu zilikuwa zinatumwa Kinshasa, kwenye maabara ya INRB, na majibu yalikuwa yanachukua siku nyingi kurudi.

Sasa mgonjwa anafanya nini wakati anangoja jibu? Anajitunza nyumbani. Na kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule, Rais wa Madagaska, Andry Rajoelina, alionyesha kinywaji cha Covid-Organics kilichotengenezwa na artemisia, na habari ilifika mpaka vijijini kwetu. Watu walituomba mbegu za artemisia. Wengine walirudilia miti ya zamani. Wengine waliona uoga wa kwenda hospitali, kwa sababu ilisemwa kwamba mtu akiingia na kikohozi hatoki. Walikuja wakiwa wamechelewa, wamekauka maji, na tumbo limejaa dawa za kila namna. Figo za mtu kama huyo zimekwisha kupigwa kabla daktari hajamgusa.

Vitu vitatu vya nyumbani vinavyopiga figo

1. Vidonge vya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na indosidi vinauzwa mpaka kwenye meza ya soko, kimoja kimoja, pembeni ya chumvi na sabuni. Mtu mwenye afya anayekunywa maji vizuri akitumia kidonge siku moja mbili, kwa kawaida hapati shida. Lakini mtu mwenye homa kali, aliyekauka maji, ama mzee, ama mwenye tansio ao sukari, kwake ni hatari. Dawa hizo zinafinya mishipa inayoingiza damu kwenye figo, wakati ileile ambapo figo zinatafuta damu. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwa figo, ukifuata kipimo kilichoandikwa. Usizidishe, kwa sababu parasetamoli nyingi inaharibu maini.

Mkulima anayekunywa diklo kila jioni kwa sababu ya mgongo naye anapashwa kusikia neno hili. Kuinama siku nzima na jembe kunaumiza, tunajua. Lakini diklo ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, inachosha figo bila kelele. Ukipatwa na ugonjwa mkali baadaye, figo hazina akiba ya kupambana nao.

2. Kinini ya miti. Kivu ni inchi ya kinkina. Kampuni ya Pharmakina, hapa Bukavu, imetengeneza kinini kutoka maganda ya miti hiyo kwa miaka mingi, na wanamemba wetu wengine wana kinkina shambani. Kwa hiyo tunasikia: "Sisi tunakunywaka kinini ya miti tangu zamani, na babu zetu walikunywaka. Iko na shida gani?"

Kinini ni dawa ya kweli ya malaria, na imeokoa watu wengi. Shida iko kwenye kipimo. Hapa tunaongea kama waagronomu. Kuna aina za kinkina zenye kinini nyingi, kama ile inayoitwa ledgeriana, na kuna aina nyingine, kama succirubra, zenye kidogo. Umri wa mti unabadilisha, udongo unabadilisha, na ganda la shina si sawa na ganda la tawi. Watu wawili wakichemsha maganda, kila mmoja konzi moja, mmoja anaweza kunywa kinini kidogo sana na mwingine akanywa mara nyingi zaidi. Hakuna anayejua ni kiasi gani iko ndani ya kikombe chake. Kinini nyingi inasumbua masikio, macho na moyo, na inaweza kuua.

Kuna tena jambo ambalo waganga wa Afrika wamelijua tangu zamani: homa ya mkojo mweusi. Inashika watu wenye malaria, zaidi wale ambao wametumia kinini kidogo kidogo bila utaratibu. Chembe nyekundu za damu zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa ao Coca-Cola, na figo zinaziba. Ukiona mkojo wa namna hiyo, usingoje kesho.

Na kwa Korona? Kinini na ndugu yake klorokini hazikuonekana kuponya Korona. Klorokini ilijaribiwa sana katika mwaka wa 2020, na majaribio makubwa hayakupata faida.

3. Majani yaliyochanganywa. Artemisia nayo ni mmea wa maana, na dawa za kisasa za malaria zinatoka kwake. Lakini dawa iliyo ndani ya jani inapanda na kushuka kufuatana na mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Ndiyo sababu mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikataa kukubali chai na unga wa artemisia kama matibabu ya malaria. Na kuhusu Korona, Mei 2020 OMS iliomba kwamba dawa za asili zipimwe kama dawa nyingine zote kabla watu hawajategemea.

Hatusemi kwamba kila jani ni sumu. Tangawizi na limau ndani ya maji ya moto havijamuua mtu. Tunasema juu ya mchanganyiko ambao hujui kilicho ndani yake, unaonywewa lita kwa lita, mara nyingine unaharisha na kutapisha "ili uchafu utoke". Kwa mgonjwa wa homa, uchafu unaotoka ni maji yake, na figo ndizo zinalipa. Ukifika kwenye kituo cha afya, mwambie muuguzi ulichokunywa. Usione haya. Bila habari hiyo anaweza kuongeza dawa nyingine juu ya ile inayokuumiza.

Potasi: mbolea nzuri shambani, hatari kwa figo zilizosimama

Hapa tunaomba usikivu wa akina mama, kwa sababu ninyi ndio mnapeleka chakula hospitali.

Kila mwanamemba anajua herufi tatu za mbolea: N, P, K. Ile K ni potasi. Mgomba unapenda potasi sana, viazi vinaipenda, na ndiyo sababu tunawaambia kila mwaka msitupe majivu. Mmea unachukua potasi kutoka udongo na kuiweka ndani ya chakula. Kwa mtu mwenye figo nzima hiyo ni baraka. Anachohitaji mwili unashika, kinachozidi figo zinakitoa katika mkojo.

Figo zikisimama, potasi haitoki. Inapanda ndani ya damu, na ikipita kiasi inaweza kusimamisha moyo kwa ghafula. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeumia, vyakula vyetu vya kupendwa vinaweza kuwa mzigo: ndizi mbivu na ndizi za kupika, viazi, avoka, maharagi, sombe na lengalenga, na juisi ya matunda. Tena ile chumvi ya majivu ambayo watu wengine wanatia katika mboga ili ziive upesi, nyingi yake ni potasi.

Kwa hiyo, kama daktari amesema figo zimeguswa, uliza mbele ya kupika: "Mgonjwa wetu anaweza kula nini, na anaweza kunywa maji kiasi gani?" Kwa wengine daktari atapunguza potasi, kwa wengine hatapunguza, kufuatana na kipimo cha damu. Akikubali viazi, vimenye, vikate vipande vidogo, vichemshe katika maji mengi, mwaga maji yale, kisha chemsha tena katika maji mapya. Sehemu ya potasi inatoka na maji. Wali na bugali ya mahindi vina potasi kidogo kuliko viazi na ndizi.

Maji nayo ni vilevile. Mgonjwa wa homa nyumbani anapashwa kunywa. Lakini mgonjwa ambaye hakojoi tena, ukimlazimisha maji mengi, yanabaki mwilini na kuingia mapafuni. Hapo kipimo kinatoka kwa daktari.

Alama za kuangalia

Mtu yeyote mwenye ugonjwa mkali, hata kama si Korona, angalieni mambo haya:

- Anakojoa kidogo sana, ao hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni.
- Mkojo umekuwa mweusi ao mwekundu, ao una povu nyingi isiyokwisha.
- Uso umevimba asubuhi, ao miguu imevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.
- Anatapika, ana kwikwi isiyoisha, anachanganyikiwa, ao analala bila kuamka vizuri.
- Anapumua kwa shida.

Alama moja ya hizi inatosha kumpeleka kituo cha afya siku ileile. Pale kuna vipimo viwili vya kuomba. Cha kwanza ni karatasi ya kuchovya katika mkojo, ambayo inaonyesha kama damu ao protini zinapita. Cha pili ni kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini. Kreatinini ni uchafu wa misuli ambao figo zinapashwa kutoa. Ikipanda, figo zimechoka. Kama kituo chenu hakina kipimo hicho, ombeni karatasi ya kuwatuma kwenye hospitali kuu ya zone ya afya.

Figo zikiguswa na zikatunzwa mapema, kwa maji, kwa kupandisha tansio, kwa kuacha dawa mbaya, mara nyingi zinaamka. Zikichelewa, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu, dialize. Mashine hizo ni chache sana katika mashariki ya inchi yetu. Mtu ambaye figo zimekufa kabisa kwa kawaida anahitaji kusafishwa mara tatu kila juma, maisha yake yote. Fikirieni bei ya njia peke yake, kutoka Mwenga ao Idjwi. Jamaa inauza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha shamba, na mgonjwa anaweza kufa hata hivyo.

Aliyepona naye apimwe

Mambo hayaishi siku ambayo mgonjwa anatoka hospitali. Watafiti wa Marekani waliangalia faili za askari wa zamani zaidi ya milioni 1.7. Kati yao, zaidi ya 89,000 walikuwa wamepona Korona. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka wa 2021, yalionyesha kwamba waliopona Korona walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza nguvu ya figo katika miezi iliyofuata kuliko wale ambao hawakuigonjwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamelazwa, na zaidi tena kwa wale waliokuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwa hiyo mzee yule wa miguu inayovimba asiseme ni uzee. Mwanamemba yeyote ambaye aliwekwa kwenye oksijeni, ao aliambiwa kwamba figo ziliguswa, aende kupima tansio, mkojo na kreatinini, hata kama anasikia nguvu. Na kama anapimwa na kukutwa na tansio, anywe dawa yake kila siku, hata siku ambazo kichwa hakimwumi. Tansio ya juu inaharibu figo, na figo mbovu zinapandisha tansio. Vitu hivi viwili vinasukumana mpaka mtu anaanguka.

Si Korona peke yake

Tarehe 5 Mei 2023 OMS ilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Je, habari hii imepitwa na wakati? Hapana. Mambo yaleyale yaliyoua figo katika Korona yanaziua kila mwaka hapa kwetu kwa njia nyingine.

Kolera ni moja. Uvira na kandokando ya ziwa Tanganyika kolera haijaondoka kwa miaka mingi, na mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipojaa, yaliharibu nyumba na mabomba ya maji. Mgonjwa wa kolera anaweza kupoteza maji mengi kwa saa chache, na figo zinasimama kwa kukauka tu. Dawa ya kwanza iko jikoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anza kumnywesha kidogo kidogo wakati mnatafuta njia ya kituo cha afya. Usingoje kufika ndipo uanze.

Malaria kali ni nyingine. Inaziba mishipa midogo, inapasua chembe za damu, na figo zinaumia, kwa watoto na kwa watu wazima. Malaria inayotunzwa siku ya kwanza kwa dawa ya kituo cha afya haifiki huko.

Yale ambayo kooperative inaweza kufanya

Tunajua kwamba kusema "nendeni mkapime" ni rahisi, na franka ni shida. Ndiyo sababu tunaleta mapendekezo ambayo mkutano wa kooperative unaweza kuyajadili na kuyakata, mbele ya mavuno yajayo.

Moja. Nunueni mashine ya kupimia tansio, muiweke kwenye depo. Ni kitu kidogo, na bei yake ikigawanywa kati ya wanamemba wote haiumizi mtu. Ombeni muuguzi wa kituo cha karibu afundishe wanamemba wawili, mama mmoja na baba mmoja, namna ya kuitumia. Siku ya kuleta kahawa ao maharagi, kila mtu mwenye zaidi ya miaka 40 apimwe kabla ya kupimisha mzigo wake.

Mbili. Ingizeni wanamemba katika mituweli ya afya. Katika zone nyingi za afya mituweli ziko. Kooperative inaweza kukata mchango wakati wa malipo ya mavuno, siku ambayo pesa iko, badala ya kuitafuta wakati mtu amelala kitandani. Ulizeni wazi mituweli inalipa nini na haitalipa nini. Vipimo vya damu viko ndani? Na usafiri wa kumpeleka mgonjwa je?

Tatu. Kwenye mashamba ya kazi ya pamoja, maji safi ya kunywa yawepo. Kulima toka asubuhi mpaka saa nane bila kunywa si ushujaa. Kama mko na bidoni ya maji kwa ajili ya dawa ya kunyunyiza, muwe na nyingine ya watu, na zisichanganywe hata siku moja.

Ine. Msiuze wala kugawa diklo na indosidi kwenye depo la kooperative. Tumeona depo ambazo vidonge viko kwenye rafu moja na mbegu. Nia ni nzuri, lakini mwenye depo hajui nani ana tansio.

Tano. Chanjo. Katika inchi yetu chanjo ya Korona ilianza tarehe 19 Aprili 2021, na wengi tuliogopa. Chanjo inapunguza Korona kali, na ni Korona kali ndiyo inaumiza figo. Wazee na wenye sukari ao tansio waulize kituo chao cha afya ni nini kinapatikana leo.

Kwa yule mama aliyeuliza namna figo ziliingia, jibu letu ni hili. Bwana yake aligonjwa mapafu kweli. Lakini figo zinaishi kwa damu, kwa maji na kwa oksijeni, na ugonjwa ule uliziondolea vyote vitatu pamoja. Hakuna aliyemloga, na si yeye mama aliyekosea kumpikia. Ana watoto wakubwa ambao wanalima naye, na mmoja wao ana tansio. Huyo ndiye wa kupima juma hili.

Mkikutana, someni habari hii kwa sauti, kwa faida ya wale ambao hawasomi. Maswali yenu yaandikwe na katibu wa kooperative na mtupatie tunapopita. Yale ya shamba tutajibu sisi. Yale ya mwili tutayapeleka kwa madaktari, na majibu tutayaleta katika gazeti linalofuata.